Uzi: Santuri ya Johnny Burnette na Rock 'n Roll Trio ya 1956 inastahili kusikilizwa yote, si wimbo mmoja tu

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila yanapozuka hapa mazungumzo kuhusu chimbuko la muziki wa roki, majina yanayotajwa huwa yale yale: Elvis Presley, Chuck Berry, Little Richard, Bill Haley, na mchangiaji akiwa mdadisi kidogo ataongeza Carl Perkins na Gene Vincent. Wote hao wanastahili heshima yao. Hata hivyo ipo santuri moja, yenye nyimbo 12, iliyotolewa Desemba 1956 na kampuni ya Coral iliyokuwa chini ya Decca ya Marekani, ambayo sijaona ikijadiliwa humu hata mara moja. Ilipotoka haikuingia kwenye chati, wanunuzi wake walikuwa wachache, na kundi lililoirekodi likavunjika kabla ya mwaka uliofuata kumalizika. Inaitwa *Johnny Burnette and the Rock 'n Roll Trio*, na hoja yangu ni kwamba miongoni mwa vijana wa Kizungu waliorekodi roki mwaka ule, hakuna waliopiga kwa ukali na kwa moyo kuwazidi hawa watatu kutoka Memphis.

Nianze na wao wenyewe, maana muziki wao haueleweki vizuri bila kujua walikotoka. Johnny Burnette, aliyezaliwa 1934, ndiye aliyeimba na kupiga gitaa la kusindikiza. Kaka yake Dorsey, wa 1932, alipiga besi kubwa ya kusimama. Paul Burlison, mkubwa wao wote, wa 1929, alipiga gitaa la umeme. Walijuana kupitia ngumi kabla ya muziki, kwa kuwa wote watatu walishiriki mashindano ya ndondi za ridhaa, na Dorsey na Burlison walikuwa mafundi umeme wa kampuni ya Crown Electric, ile ile ambayo Elvis Presley aliiendeshea lori kabla hajapata umaarufu. Burlison alikuwa na elimu nyingine ambayo wapiga gitaa wengi wa Kizungu wa rika lake hawakuipata: mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akipiga pamoja na Howlin' Wolf, mwimbaji Mweusi wa bluzi, katika kipindi cha redio cha kituo cha KWEM, West Memphis, ng'ambo ya mto Mississippi. Jina la Burlison halikutangazwa hewani, kwa sababu sheria na desturi za ubaguzi wa rangi za wakati ule zisingeruhusu msikilizaji ajue kwamba Mzungu na Mweusi wamekaa chumba kimoja wakipiga muziki mmoja.

Mwaka 1956 watatu hawa walikwenda New York kutafuta riziki, wakajitokeza katika kipindi cha vipaji cha Ted Mack kwenye televisheni na kushinda mara tatu mfululizo. Ushindi huo uliwaletea mkataba wa Coral. Rekodi zao za kwanza zilifanyika Mei katika jengo la Pythian Temple, New York, ambamo Bill Haley alikuwa amerekodi "Rock Around the Clock" miaka miwili kabla. Lakini nyimbo zilizoijenga santuri hii zilirekodiwa Julai mjini Nashville, katika studio ya Owen Bradley, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Sikilizeni "The Train Kept A-Rollin'". Wimbo unaanza na gitaa peke yake, noti chache zinazorudiwa kwa sauti nene, iliyokwaruza, kama chuma kinachoburutwa juu ya sakafu ya zege, na kwa sikio la mtu wa 1956 sauti hiyo lazima ilionekana kuwa hitilafu ya mtambo. Kisha Johnny anaingia, naye haimbi kwa upole wa kuomba kusikilizwa: anaanza akiwa tayari amepandisha pumzi, anameza baadhi ya maneno, anapiga kelele mwishoni mwa mistari, na ubeti unapofika kileleni sauti yake inapasuka kabisa. Chini yake Dorsey anazipiga nyuzi za besi kwa kiganja, hivi kwamba kila noti inatoka na mlio wa kofi, na mlio huo ndio unaousukuma wimbo mbele kuliko hata dramu. Gitaa linapofika zamu yake halijaribu kuonesha ufundi wa kukimbia. Linabaki kwenye ile ile noti, linaishindilia, linaongeza presha mpaka msikilizaji anatamani lihame, na halihami. Huo ni uamuzi wa kisanii. Miaka kumi baadaye wapiga gitaa wa Uingereza walisifiwa kwa kugundua kwamba gitaa moja linaweza kutisha kwa kurudia kitu kidogo kwa sauti kubwa, ilhali jambo hilo lilikuwa limekwisha kurekodiwa Nashville kabla wengi wao hawajamiliki gitaa.

"Honey Hush", unaofungua upande wa kwanza, una gitaa la namna hiyo hiyo, na mimi binafsi naupenda zaidi kwa sababu hauendi mbio kiasi kile; uzito wake unasikika vizuri zaidi. "Lonesome Train" una giza na upana, na mwangwi mwingi. "Rock Billy Boogie" una furaha ya wazi, na jina lake lina historia ya kifamilia: Johnny alikuwa na mtoto aitwaye Rocky na Dorsey alikuwa na mtoto aitwaye Billy, waliozaliwa 1953. "Lonesome Tears in My Eyes" unaonesha kwamba hawa hawakuwa watu wa kelele tu, kwani gitaa linatulia, linapita juu ya mahadhi yenye ladha ya muziki wa Amerika ya Kusini, na Johnny anaimba kwa majonzi yanayoaminika.

Si kila wimbo umefikia kiwango hicho. "Chains of Love" ni mwepesi kuliko unavyopaswa kuwa, "I Love You So" unapita bila kuacha alama, na katika "All by Myself" Johnny anamkaribia Elvis mno. Nyimbo hizo tatu haziwezi kuiangusha santuri, lakini zinaeleza kwa nini mtu anayeionja juujuu anaweza kuiacha mapema.

Kuhusu kupuuzwa kwake, sababu kubwa naiona katika soko. Mwaka 1956 roki iliuzwa kwa sahani ndogo za nyimbo mbili mbili, na santuri ndefu ilitolewa zaidi kwa msanii ambaye tayari sahani zake ndogo zilikuwa zimetamba. Coral ilikuwa imetoa sahani ndogo tatu za Trio kabla ya Desemba, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye chati ya taifa. Santuri hii kwa hiyo ilizaliwa bila wimbo wa kuitangulia. Ongezeni kwamba mwaka huo huo Elvis alikuwa amejaza kila ukurasa wa gazeti na kila kioo cha televisheni, na kijana mwingine kutoka Memphis aliyeimba kwa kwikwi na mwangwi alionekana kuwa mwigaji hata alipokuwa anafanya jambo lake mwenyewe.

Karibuni mchangie, hasa wenye masikio ya gitaa.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuileta santuri hii mezani. Mimi ni mpiga gitaa, na kwa kuwa umewaita wenye masikio ya gitaa, naomba niingie katika swali ambalo umelipitia pembeni: ni nani hasa aliyepiga gitaa katika rekodi za Nashville?

Simulizi ya Burlison mwenyewe inajulikana sana. Alieleza kwamba siku moja, wakijiandaa kupanda jukwaani, mkanda wa ngozi wa kubebea amplifaya yake ulikatika, amplifaya ikaanguka, na alipoiwasha ikatoa sauti iliyokwaruza. Baada ya onesho aliifungua, akakuta tyubu moja (taa ya kioo inayokuza sauti) imelegea kwenye kikalio chake. Tangu hapo, alipoitaka sauti hiyo, aliilegeza tyubu kwa makusudi. Ni simulizi nzuri, na alishikamana nayo hadi alipofariki 2003.

Wapo watafiti wa muziki huu wanaoipinga. Hoja yao ni ya kiufundi na inastahili kusikilizwa. Katika "The Train Kept A-Rollin'" mpiga gitaa anagonga kwa pamoja uzi mnene wa chini kabisa na uzi mwembamba wa juu kabisa, noti ile ile katika vimo tofauti. Ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba mkwaruzo umekaa zaidi kwenye uzi mnene, wakati uzi mwembamba unabaki safi kiasi. Tyubu iliyolegea isingechagua uzi wa kuharibu, ingechafua zote. Pili, ukilinganisha na rekodi za New York za mwezi Mei, mfano "Tear It Up", mkono unaosikika pale ni tofauti: safi zaidi, wenye mtindo wa kantri na bluzi uliochanganyika. Kwa sababu hizo wanamtaja Grady Martin, mpiga gitaa mashuhuri wa studio za Nashville, ambaye alikuwepo katika rekodi zile za Julai.

Jina la Grady Martin si la kubahatisha. Huyu ndiye aliyepiga gitaa lenye mahadhi ya Kihispania katika "El Paso" ya Marty Robbins, na ndiye aliyesikika katika wimbo mwingine wa Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961, ambamo hitilafu ya meza ya kuchanganyia sauti, katika studio hiyo hiyo ya Owen Bradley, iliigeuza besi yake kuwa mngurumo wa ajabu. Rekodi hiyo hutajwa kama moja ya asili za vifaa vya kukwaruzisha sauti ya gitaa vilivyoanza kuuzwa madukani mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mimi naegemea upande wa Martin kwa noti zenyewe, lakini siamini kwamba wazo lilikuwa lake. Mtu aliyekaa redioni na bendi ya Howlin' Wolf alikuwa anajua vizuri gitaa chafu linavyosikika. Gitaa la Willie Johnson katika rekodi za Wolf za 1951 lilikuwa tayari limejaa mkwaruzo. Nadhani Burlison alikwenda Nashville akiwa na sauti hiyo kichwani, na mkono wowote uliogonga nyuzi siku ile ulikuwa unaitumikia kiu yake.

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ya uzi mnene na uzi mwembamba ni nzito, na nimeirudia rekodi nikiifuatilia: ni kweli uzi wa juu unasikika safi. Nitaongeza jambo moja tu. Wimbo wa Memphis wa 1951 unaotajwa na wengi kuwa miongoni mwa rekodi za mwanzo za roki, "Rocket 88", nao una gitaa lililokwaruza kwa sababu amplifaya ya Willie Kizart ilikuwa imeharibika safarini. Kwa maana hiyo mkwaruzo haukuanza na Trio. Walichofanya wao ni kuutoa nyuma ya bendi na kuuweka mbele kabisa, uwe ndiyo sura ya wimbo. Katika "Rocket 88" gitaa linanguruma chini ya saksafoni. Katika "The Train Kept A-Rollin'" hakuna saksafoni wala piano ya kulifunika.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuuliza bila kukusudia kuudhi. Nimepitia orodha ya nyimbo na naona nyingi ni za wanamuziki Weusi: "Honey Hush" na "Chains of Love" ni za Big Joe Turner, "All by Myself" ni ya Fats Domino, "Drinking Wine, Spo-Dee-O-Dee" ni ya Stick McGhee ya 1949, na hata huo wimbo wa treni si wao. Je, tunachokisifu hapa si kazi ya watu wengine iliyovalishwa sura ya Kizungu?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa kulikwepa.

"The Train Kept A-Rollin'" ulirekodiwa kwanza 1951 na Tiny Bradshaw, kiongozi wa bendi mzaliwa wa Youngstown, Ohio, kwa kampuni ya King ya Cincinnati. Rekodi yake ni ya kuchezeka, yenye mdundo wa kuruka na saksafoni ya Red Prysock katikati, na yeyote asiyeisikiliza hajaujua wimbo huu. Katika orodha ya watunzi, pamoja na Bradshaw, kuna jina Lois Mann, ambalo ni jina la bandia alilotumia Syd Nathan, mwenye kampuni ya King, ili naye apate mgao wa mirabaha. Unyonyaji basi ulianza mapema, ndani ya kampuni ile ile iliyomrekodi Bradshaw. Bradshaw alifariki 1958, na hakuishi kuona wimbo wake ukizunguka dunia katika mikono ya makundi ya Kizungu. Dhuluma hiyo ni ya kweli, na kuipenda santuri ya Trio hakuiondoi.

Hata hivyo naona tofauti kati ya kunakili na kuujibu wimbo. Mwaka 1956 kulikuwa na desturi ya makampuni makubwa kuchukua rekodi ya Mweusi iliyoanza kuuzika, kuilainisha, kumpa Mzungu aiimbe kwa adabu, na kuziba njia ya ile ya asili redioni. Trio walielekea upande mwingine kabisa. Nyimbo walizochagua zilikuwa za zamani, nyingine za miaka mitano au saba nyuma, ambazo hazikuwa tena katika mashindano ya soko. Walizichagua kwa sababu ndizo walizozipenda na kuzipiga kwenye kumbi za Memphis. Na badala ya kuzilainisha, walizifanya kuwa ngumu zaidi. Linganisha "Honey Hush" ya Turner ya 1953, yenye kicheko na nafasi ya kupumua, na hii ya Trio, ambamo hakuna anayecheka. Sisemi ya pili ni bora. Kwangu Turner ni mwimbaji mkubwa kuliko Johnny Burnette kwa mbali. Nasema ni wimbo mwingine, uliojengwa kwa vifaa vingine: nyuzi tu, mbao na umeme, bila safu ya saksafoni.

Kumbuka pia kwamba angalau nusu ya santuri ni nyimbo ambazo hazikutoka kwa wanamuziki hao. "Rock Billy Boogie" na "Lonesome Tears in My Eyes" zina majina ya Burnette katika utunzi.

Mchangiaji wa 4

Uzi huu haujasema kilichowapata baadaye, na bila hicho picha haijakamilika.

Jina lililopo juu ya jalada ndilo lililowavunja. Walianza kama kundi la watu watatu walio sawa, na ghafla jina la Johnny likatangulizwa, wengine wakabaki "Trio". Dorsey, ambaye ndiye mkubwa, hakuikubali hali hiyo. Vuli ya 1956, wakiwa ziarani Niagara Falls, ndugu hao wawili walipigana na Dorsey akaondoka. Hii ilikuwa muda mfupi kabla ya kupiga filamu *Rock, Rock, Rock!*, na kwa hiyo katika filamu hiyo anayeonekana na besi ni Johnny Black, ndugu wa Bill Black aliyekuwa mpiga besi wa Elvis. Santuri ilipofika madukani Desemba, kundi lililopigwa picha na kusifiwa kwenye jalada halikuwepo tena. Kampuni isingeweza kuwapeleka jukwaani kuiuza hata kama ingetaka. Waliendelea kwa kuungaunga mpaka vuli ya 1957, kisha basi.

Ndugu hao walipatana na kuhamia California, na huko walifanya jambo la ujasiri: walikwenda nyumbani kwa Ricky Nelson, kijana nyota wa televisheni, wakakaa kizingitini mpaka alipokuja na kukubali kusikiliza nyimbo zao. Nelson akarekodi "Waitin' in School" na "Believe What You Say", na Dorsey akamtungia "It's Late". Mwaka 1960 Johnny mwenyewe alipata mafanikio kwa "Dreamin'" na "You're Sixteen", na Dorsey kwa "Tall Oak Tree". Nyimbo hizo ni laini, zenye vinanda vingi, na mtu aliyemjua Johnny kwa "You're Sixteen" tu asingeamini kwamba ndiye huyu anayepiga kelele kwenye santuri ya Coral. Hili nalo limechangia kusahaulika kwake: umaarufu wake mdogo ulijengwa juu ya sauti isiyokuwa yake ya kwanza.

Tarehe 14 Agosti 1964, Johnny alikuwa akivua samaki usiku katika ziwa Clear Lake, California, mashua yake ndogo ikagongwa na chombo kikubwa zaidi, akafa maji. Alikuwa na miaka 30. Dorsey alifariki 1979 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 46. Burlison alikuwa amerudi kwenye kazi ya umeme na kuanzisha biashara yake, akaacha muziki kwa miaka mingi, kisha akarudi studioni na kutoa albamu yake mwenyewe 1997.

Kinachoniuma ni tarehe ya kifo cha Johnny. Mwaka mmoja tu baadaye, Septemba 1965, The Yardbirds wa Uingereza waliingia studio Memphis, kwa Sam Phillips, kurekodi "The Train Kept A-Rollin'" na Jeff Beck kwenye gitaa. Laiti angekuwa hai, wimbo aliourekodi bila kusikilizwa ungemrudia ukiwa na hadhira mpya kabisa.

Mchangiaji wa 5

Niendelee hapo hapo alipoishia mwenzangu. Baada ya Yardbirds, wimbo huo haukukoma. Jimmy Page aliupiga akiwa Yardbirds, na mwaka 1968 alipopiga kwa mara ya kwanza pamoja na Robert Plant, John Bonham na John Paul Jones katika chumba kidogo London, ndio wimbo waliouanza pamoja; kundi hilo likawa Led Zeppelin. Aerosmith waliurekodi 1974, na vijana wengi wa Marekani hudhani ni wao walioutunga.

Hapo ndipo ninapokubaliana kabisa na kichwa cha uzi huu. Wimbo mmoja umekuwa mkubwa kiasi cha kuifunika santuri nzima. Waandishi huitaja Trio kwa sentensi moja, kuwa ni daraja kati ya Bradshaw na Yardbirds, kisha husonga mbele. Ila wanamuziki wenyewe walisikiliza zaidi ya hapo. The Beatles waliuimba "Lonesome Tears in My Eyes" katika BBC 1963, John Lennon akiongoza, na rekodi hiyo ilitolewa rasmi 1994 katika *Live at the BBC*. The Cramps na Rod Stewart waliuchukua "Tear It Up". Watu waliouokota wimbo kama "Lonesome Tears in My Eyes" hawakuupata kwa kusikia mtu mwingine akiuimba redioni; waliiweka santuri na kuisikiliza mpaka mwisho.

Mchangiaji wa 6

Mimi natofautiana kidogo. Naipenda Trio, ila nikiambiwa nichague santuri moja ya rokabili (roki iliyochanganywa na kantri) ya mwaka ule, nitaichukua *Bluejean Bop!* ya Gene Vincent, iliyotoka Agosti. Cliff Gallup ni mpiga gitaa mkamilifu, Vincent ana sauti tamu, na santuri ile inasikika kama kitu kimoja kilichopangwa. Hii ya Coral kwangu ni mkusanyiko wa rekodi za vipindi tofauti. Halafu "Tear It Up", wimbo wao wa kwanza kutoka na kwa maoni yangu bora kuliko yote, haumo! Tunaipaje sifa santuri iliyouacha nje wimbo wake bora?

Mleta uzi

Ulinganisho wako ni mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu Vincent alirekodi santuri ile Juni 1956 katika studio hiyo hiyo ya Owen Bradley, siku chache tu kabla Trio hawajaingia mlangoni. Jengo moja, msimu mmoja, besi ya kusimama ya aina moja, na matokeo mawili yasiyofanana. Gallup anacheza kwa usafi wa fundi saa: kila noti ina mahali pake, mwangwi wake umepimwa. Gitaa la Trio linaingia kana kwamba halijali litaharibu nini. Buddy Holly naye alirekodi humo mwaka huo huo, na yaliyotoka hayakumridhisha mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Hivyo chumba peke yake hakikutosha kumfanya mtu asikike vizuri, na Trio walileta kitu chao.

Kuhusu "Tear It Up", nakubali kwamba kuachwa kwake ni uamuzi mbaya wa kampuni, pamoja na "Oh Baby Babe" na "Midnight Train" zilizotoka kwenye sahani ndogo. Bahati nzuri, kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilikwisha kuzikusanya rekodi za Coral zote mahali pamoja, na msikilizaji wa leo hana sababu ya kuzikosa. Lakini sikubali kwamba santuri haina umoja. Sehemu yake kubwa ni ya siku chache za Julai, na hilo linasikika: sauti ya Johnny ina ukwaruzaji ule ule kutoka wimbo hadi wimbo, kama ya mtu aliyeimba mfululizo bila kupumzika, na kwangu huo ni umoja wa kutosha.

Kwa wanaotaka kuanza leo, ushauri wangu ni huu. Msianze na wimbo wa treni, kwa sababu mmeusikia kwa wengine na masikio yenu yatakuwa yanalinganisha. Anzeni na upande wa kwanza kama ulivyopangwa: "Honey Hush", "Lonesome Train", "Sweet Love on My Mind", "Rock Billy Boogie", "Lonesome Tears in My Eyes", na "All by Myself" ambao mnaweza kuuvumilia. Kisha geuzeni. Upande wa pili unaanza na "The Train Kept A-Rollin'", na ukifika hapo ukiwa umekwisha kuizoea besi ya Dorsey na pumzi za Johnny, utausikia kama wimbo wa kundi hili, si kama mzazi wa nyimbo za Yardbirds na Aerosmith. Baada ya hapo rudini kwa Tiny Bradshaw na Big Joe Turner, mkasikilize zilikotoka. Mchangiaji wa 3 ameuliza swali ambalo halijibiki kwa maandishi peke yake, na ningependa kusoma maoni yake atakapozisikiliza rekodi zote mbili za "Honey Hush", moja baada ya nyingine.